Sura ya Nne: Merikebu Ziwani, Mizigo Kabambare

Mtu aliyezaliwa Kasongo, akakoga katika Lualaba tangu utotoni na kula samaki wa Wagenia, aghalabu hajui kuwa sehemu ya maji yale hutoka katika ziwa ambalo huenda asilione maisha yake yote. Ziwa Tanganyika, pamoja na kina chake kinachopita mita 1,400, lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga, uanziao pale ulipo mji wa Kalemie leo na kwenda magharibi hata kuingia Lualaba karibu na Kabalo. Na Lualaba, ukiisha kuyapokea maji hayo, huyapitisha Kongolo, Kasongo na Nyangwe, ukaenda zake Kindu. Nimeanza na maji kwa makusudi, kwani habari ya sura hii ilizuka mdomoni mwa Lukuga tarehe 22 Agosti 1914, ikateremka Maniema kama yanavyoteremka maji yale, ila yenyewe ilipita nchi kavu, juu ya vichwa vya watu.

Njia hiyo ya nchi kavu ni kongwe kuliko serikali zote zilizopata kuitawala. Kabla ya Mbelgiji wa kwanza kuonekana, misafara ya waungwana, yaani wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili, ilitoka Ujiji, ikavuka ziwa kwa mitumbwi na majahazi hata Mtoa, ikapanda milima, ikaingia nchi ya Wabangubangu, ikapumzika Kabambare, ikafuata bonde la Luama, na mwisho wa taabu ikafika Kasongo, mji wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Tippu Tip. Livingstone, aliyeliandika jina la Kabambare kwa herufi zake mwenyewe, Bambarre, alikwama hapo mwaka 1870 kwa vidonda vya miguu vilivyomzuia asitoke nyumbani kwa miezi. Na yeyote aliyepata kwenda njia ile kwa miguu wakati wa masika hatashangaa. Tarehe 22 Aprili 1893 majeshi ya Wabelgiji chini ya Dhanis yaliingia Kasongo, mwaka uliofuata Kabambare nayo ikatwaliwa, na mahali pa mji wa kale wa Kasongo pakaitwa Tongoni, yaani mahameni. Waungwana walishindwa, lakini mpunga wao, dini yao na lugha yao vilibaki, na mpunga huo, kama tutakavyoona, ulikuja kuwaponza wajukuu wa waliofundishwa kuulima.

Basi vita vilipofunguka Ulaya mwanzoni mwa Agosti 1914, ziwani mlikuwa na vyombo vya moshi vichache mno, vya kubeba barua, shehena na wasafiri, wala hapakuwa na manowari hata moja. Wabelgiji walikuwa na Alexandre Delcommune, chombo kisichofika tani mia. Wajerumani walikuwa na Hedwig von Wissmann na kingine kidogo zaidi, Kingani. Tarehe 15 Agosti watu wa Kijerumani walifika Mokolobu, karibu na Uvira, wakaizamisha mitumbwi ya wenyeji na kukata nyaya za simu. Juma moja baadaye Hedwig von Wissmann, ikiisha kufungwa mizinga, ilitokea mbele ya Lukuga na kuipiga Alexandre Delcommune hata isifae tena kusafiri. Vita vyenyewe vilikuwa vidogo kiasi kwamba, lau vingalipiganwa katika bahari ya Ulaya, magazeti ya siku ile yasingalivipa zaidi ya mistari mitatu.

Wasomaji wa tarikhi hutajiwa daima Lusitania, merikebu ya abiria iliyozamishwa na nyambizi ya Kijerumani karibu na pwani ya Ireland tarehe 7 Mei 1915, wakafa watu wapatao 1,200, miongoni mwao Wamarekani 128. Na Marekani, pamoja na ghadhabu yake yote na barua zote za kulaumu zilizopelekwa Berlin, haikuingia vitani ila Aprili 1917, miaka miwili kasoro mwezi mmoja. Ziwa Tanganyika lilitaka siku sita. Tarehe 28 Agosti 1914 serikali ya Ubelgiji, ambayo wakati huo ilikuwa ikifukuzwa mji hata mji katika nchi yake yenyewe, iliwapa ruhusa wakuu wa Kongo wachukue silaha dhidi ya Wajerumani wa Afrika ya Mashariki.

Kwa nini ruhusa hiyo ilihitajika, ilhali Ujerumani ilikwisha kuivamia Ubelgiji tangu tarehe 4 Agosti? Sababu yake ni karatasi. Katika mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, dola za Ulaya zilipokuwa zikigawana bara letu pasipo mwenyeji hata mmoja mezani, ziliandika kwamba nchi zote za bonde la Kongo zaweza kutangazwa kuwa nje ya vita, hata kama wenye kuzitawala wanapigana kwao. Mfalme Leopold alijitangazia hali hiyo mwaka uleule, kwani alijua dhahiri kuwa dola yake changa ya Kongo haina nguvu ya kujilinda. Na warithi wake katika serikali ya Ubelgiji, vita vilipozuka, walijaribu kuuliza Paris na London kama kinga hiyo yaweza kusimama. London haikuwa na hamu ya jambo hilo. Merikebu za Waingereza zilikwisha kuupiga Dar es Salaam kwa mizinga tarehe 8 Agosti, na siku tano baadaye, katika Ziwa Nyasa, Gwendolen ya Waingereza iliiendea Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa imepandishwa ufukoni kwa matengenezo, nahodha wake hana hata habari kuwa kuna vita.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na wale wanaoandika kwamba mizinga ya Lukuga ndiyo iliyoiingiza Kongo vitani, kana kwamba isingalipigwa, wapagazi wa Kabambare wangalikaa kwao na kupalilia mpunga wao kwa amani. Kinga ya Berlin ilikuwa imekwisha kuoza. Ila mizinga ile iliwapa Wabelgiji kitu ambacho dola dhaifu hukitafuta kuliko dhahabu, nacho ni hoja: tangu siku ile waliweza kusema mbele ya ulimwengu kuwa wao ndio walioshambuliwa, na kwamba kila hatua waliyoipiga kuelekea mashariki, hata hatua ya kuingia Tabora, ilikuwa ni kujitetea. Wala hawakuficha nia yao. Chombo kile kilipotengenezwa upya na kurudishwa majini, walikibadilisha jina, wakakiita Vengeur, maana yake Mlipa Kisasi.

Wajerumani nao walikuwa na siri ndani ya masanduku. Katika mji wa Papenburg, kaskazini mwa Ujerumani, mafundi wa Meyer walikwisha kuijenga merikebu ya abiria na shehena yenye urefu wa mita zipatazo 70, wakaifungua tena kipande kwa kipande, wakaitia katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hata Dar es Salaam, na toka hapo kwa gari la moshi hata Kigoma, ambako reli ilifika mwaka 1914. Mafundi watatu, mkubwa wao Anton Rüter, walitumwa kuiunga. Jina lake lilikuwa Graf von Götzen, kwa heshima ya gavana wa zamani; tena ilikuwa na vyumba vya daraja la kwanza na la pili, kwa matumaini ya biashara ambayo vita viliyafuta kabla rangi haijakauka. Iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915, ikafungwa mzinga mkubwa uliotolewa katika manowari Königsberg, iliyokuwa imenaswa katika delta ya Rufiji, na kuanzia Juni mwaka ule hapakuwa na chombo ziwani kilichothubutu kuikaribia. Ilipakia askari mamia kwa safari moja na kuwateremsha popote pwani, hali jeshi la Wabelgiji lilikuwa limetawanyika kutoka Lukuga hata Kivu.

Kisa cha Waingereza walioleta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kutoka London kupitia Cape Town, wakaziburura juu ya milima ya Katanga na kuziteremsha kwa Lualaba mpaka Kabalo, kimeandikwa mara nyingi, na mkuu wao, Spicer-Simson, amechekwa na kusifiwa kupita kiasi. Nitakipita upesi. Kingani ilitekwa siku ya pili ya Krismasi ya mwaka 1915, Hedwig von Wissmann ikazamishwa tarehe 9 Februari 1916, na Graf von Götzen haikuguswa na mashua hizo hata mara moja. Litakalotuhusu zaidi sisi wa Maniema ni kwamba mashua zile zilisafiri kwa reli na mto, na reli yenyewe, kutoka Kabalo hata Lukuga, ilikamilishwa kwa haraka mwaka 1915. Ila jeshi lililotakiwa kuvuka Ruzizi na kuingia Rwanda na Urundi halikuwa na reli ya kulifikisha huko. Lilikuwa na njia ya waungwana.

Hapo ndipo Kasongo na Kabambare zinapoingia katika habari hii. Mzigo wa mpagazi ulikuwa wa ratili hamsini au sitini, risasi au mpunga, umefungwa kwa kamba za gome na kuwekwa juu ya ngata. Na ngata yenyewe ni duara ya nyasi au ya majani ya mgomba, ambayo mtu huisokota mwenyewe asubuhi kabla ya kupokea mzigo wake, na huijua yake kama anavyoijua sandali yake, kwa sababu ikiwa nyembamba mno fuvu huuma kabla jua halijapanda, na ikiwa nene mno mzigo huyumba mtelemkoni. Mtu alisokota ngata Kasongo, akaisokota tena Kabambare, akasokota nyingine mbele ya Baraka. Na akipelekwa mbele zaidi, nyanda za juu za Kivu na Rwanda zilimpokea kwa baridi asiyoizoea, akiwa amevaa kipande cha nguo tu, akapewa nafaka ambayo tumbo lake halikupata kuionja. Wengi waliuawa na kuhara damu na homa ya mapafu, si na risasi. Hesabu za Wabelgiji wenyewe zasema kuwa katika vita vile walipita mikononi mwao wapagazi wapatao 260,000, yaani wengi zaidi, mara nyingi sana, kuliko askari waliobeba bunduki. Na Maniema, yenye njia ya zamani na wanaume waliokwisha kuzoezwa kubeba tangu enzi ya pembe, haikuweza kuponyoka.

Mpunga nao uliandikwa jeshini. Kasongo na Nyangwe zilikuwa ghala ya mashariki yote, kwani waungwana walikuta udongo unaokubali na maji yasiyokauka, wakafundisha kilimo chake nusu karne kabla. Na jeshi linalokula mpunga halihitaji kununua ngano ya Ulaya. Amri ya tarehe 20 Februari 1917 ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumlazimisha mwanakijiji alime zao litakalochaguliwa na serikali, siku zisizozidi 60 kwa mwaka, na Maniema ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuionja amri hiyo, mpunga kwanza na pamba mara baadaye. Vita vilikwisha mwaka uliofuata. Amri haikwisha, na katika vita vya pili vya dunia siku 60 zilikuwa 120. Akina mama wa Kabambare waliochuma pamba miaka ya thelathini, wakipimiwa kwa mizani wasiyoweza kuisoma, hawakuwa na sababu ya kudhani kwamba kazi yao ilikuwa na nasaba na merikebu.

Narudi ziwani. Mwaka 1916 Waingereza waliwaletea Wabelgiji ndege za kutua majini, zikawekwa karibu na Mtoa, bandari ileile ya misafara; na mwezi Juni zikaruka kwenda kuitupia Kigoma mabomu. Wakati huo mzinga mkubwa wa Graf von Götzen ulikuwa umekwisha kuondolewa na kupelekwa kwa jeshi la nchi kavu, na mahali pake umewekwa mzinga wa gogo la mti, uliopakwa rangi ili utishe kwa mbali, na inasemekana ulitisha kweli. Jeshi la Wabelgiji liliposhuka kutoka Urundi kuelekea reli, Wajerumani waliamua kuizamisha merikebu yao wenyewe kwa mikono yao wenyewe. Lakini fundi aliyeijenga hakuwa tayari kuiua. Mitambo ilipakwa mafuta mazito, kila ungo na kila mshipa wa shaba, kama maiti anavyopakwa kafuri, kisha merikebu ikajazwa mchanga, na tarehe 26 Julai 1916, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, ikateremshwa chini taratibu, imesimama wima, ili mwenye kuja baadaye aweze kuiinua. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma, na tarehe 19 Septemba wakaingia Tabora.

Kisha kukaja mashauri. Kwa hakika Ubelgiji haikuwa na tamaa kubwa ya Rwanda na Urundi, nchi za milima zilizo mbali na bahari. Tamaa yake ilikuwa mdomo wa mto Kongo, ambako ukingo wa kusini ulikuwa mikononi mwa Ureno, na mawaziri wake walitarajia kubadilishana: Wareno waachie ukingo, Waingereza wawape Wareno ardhi mahali pengine, na Ubelgiji iwaachie Waingereza ilizoziteka. Ureno ilikataa. Hatimaye, tarehe 30 Mei 1919, Milner kwa upande wa Uingereza na Orts kwa upande wa Ubelgiji walipatana kwamba Ubelgiji ibaki na Rwanda na Urundi, na sehemu iliyosalia, pamoja na Tabora na Kigoma, iwe ya Uingereza. Na mwaka 1925 sheria ya Ubelgiji iliziunga nchi hizo mbili na Kongo katika utawala. Wale wanaotaka kujua mashaka ya mpaka wa mashariki wa Kongo yalianzia wapi wasiishie kusoma habari za mwaka 1994 au 1996. Waisome na karatasi hiyo, ambayo wapagazi wa Kabambare waliitilia wino pasipo kuulizwa.

Na merikebu? Wabelgiji waliiinua, wakaikokota hata Kigoma, na mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha tena bandarini. Waingereza wakaiinua mara ya pili mwaka 1924, wakakuta mitambo iliyopakwa mafuta na mafundi wa Papenburg bado ni mizima, na tarehe 16 Mei 1927 wakaianzisha kazi upya kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe. Tangu hapo imekuwa kile ilichoundwa kuwa, chombo cha abiria. Mwaka 1997 ilitumiwa na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa kuwarudisha Kongo makumi ya maelfu ya watu waliokuwa wamekimbilia Tanzania kuponya roho zao. Wakimbizi wa Kabambare na Fizi, wakiingia Ujiji, hawafiki ugenini kabisa, kwani humo mna mitaa ya Wamanyema waliotoka kwetu na misafara ya karne ya kumi na tisa na kusahau kurudi; na ndugu zao wengine walikwenda mpaka Dar es Salaam, wakajenga Kariakoo, mtaa ambao jina lake latokana na jeshi la wapagazi wa Kiingereza katika vita vilevile. Waingereza walau waliacha jina. Katika miji ya Maniema hakuna mtaa unaoitwa Mpagazi.

Jambo moja la siasa limebaki, nalo ni dogo kwa kipimo cha ardhi. Ubelgiji ilipoiachia Kigoma ilitaka malipo, na kwa mapatano ya Machi 1921 Uingereza iliikodisha, kwa muda usio na mwisho, eneo la bandari Kigoma na eneo jingine Dar es Salaam, ili shehena za Kongo na za Ruanda-Urundi zipite pasipo kutozwa ushuru wa forodha. Maeneo hayo yakaitwa Belbase. Yalidumu miaka arobaini, mpaka Novemba 1961, Tanganyika ilipokuwa na siku chache tu kufikia uhuru wake, na Julius Nyerere akatangaza kuwa nchi huru haiwezi kufungwa na mkataba wa milele uliowekwa na mtu aliyekuwa mpangaji wa muda. Wanasheria wa mambo ya dola husoma tangazo hilo hata leo. Kodi ambayo Ubelgiji iliilipa kwa bandari zile mbili ilikuwa faranga moja kwa mwaka. Na kodi ya kichwa ya mwanamume mzima wa Kabambare, kwa sheria ya tarehe 2 Mei 1910, haikupungua faranga tano.